Nyumba ya Tanga na umeme wa jua: kipi uchague, kipi uache

Kwa nyumba ya Tanga, paneli ndicho kitu cha mwisho kununua. Kwanza bati, kisha feni na friji, kisha betri na inverta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa luku. Ukishapanga hayo, hesabu ya paneli inajitokeza yenyewe, na mara nyingi inatoka ndogo kuliko ile uliyotajiwa dukani.

Ulinganisho huu ni wa mwenye nyumba ya vyumba viwili au vitatu, ya tofali na bati, iwe Makorora, Mabawa, Sahare au Mwambani, mwenye luku au asiye nayo. Wa Bagamoyo au Pangani anaweza kuutumia vilevile, kwani jua, chumvi na unyevu ni vile vile.

Wati na uniti

Hivi viwili vikichanganywa, hesabu yote inaharibika. Wati ni kasi ya kutumia umeme kwa wakati huo. Uniti, yaani kilowati moja kwa saa nzima, ni jumla iliyokwisha kutumika. Ni kama maji: wati ni unene wa mkondo bombani, uniti ni ndoo zilizojaa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa imekula nusu uniti. Feni ya wati 70 ikizunguka kwa saa 9 za usiku imekula uniti 0.63, nyingi kuliko ile pasi. Kwenye sola vitu hivi viwili hudai vifaa tofauti: pasi inadai inverta yenye nguvu, feni inadai betri yenye akiba. Anayekuuzia mfumo bila kuuliza kila kifaa kinawaka saa ngapi anabahatisha.

Betri huandikwa kwa volti na ampia-saa (Ah). Zidisha: volti 12 mara Ah 200 ni wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4. Hiyo ni jumla iliyomo ndani, si yote unayoruhusiwa kuchota. Tutalirudia hilo.

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Tanga mwezi wa pili, saa sita mchana, seli hufika nyuzi 60 na zaidi. Kwa paneli nyingi za siku hizi kila nyuzi inayozidi 25 hula takriban asilimia 0.35 ya nguvu. Seli ikiwa na nyuzi 62, umepoteza asilimia 13: paneli ya wati 450 inatoa kama 390, kabla ya kuhesabu vumbi na nyaya. Si kwamba umeuziwa bandia. Ndivyo zinavyofanya kazi zote.

Kipimo cha mwisho ni saa za jua kamili. Jua linaonekana kwa saa 12, lakini la asubuhi na la jioni ni dhaifu. Ukikusanya mwanga wote wa siku na kuugawa kwa ile wati 1,000, pwani yetu hupata kati ya saa 4.5 na 5.5 kwa wastani wa mwaka. Kwa nyumba isiyo na luku tumia saa 4, kwa sababu Aprili na Mei masika hayaangalii wastani. Kisha zidisha kwa 0.7 kufidia joto, vumbi, nyaya, betri na inverta. Paneli ya wati 450 kwa hesabu hii inakupa wati-saa 1,260 kwa siku. Mtu akikuahidi zaidi ya hapo, muulize ametumia saa ngapi za jua.

Bati tupu au bati lenye kihami

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuona, kwa sababu joto la bati haliandikwi kwenye risiti ya luku. Linajificha ndani ya saa za feni na AC.

Kuna vipimo viwili utakavyokutana navyo. R ni ukinzani wa joto: jinsi kitu kinavyolizuia joto lisipite. Kikiwa kikubwa ni kizuri. U ni kinyume chake: wati ngapi za joto zinapita kwenye kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya pande mbili. Kikiwa kidogo ni kizuri. Wauza vihami (vitu vya kuzuia joto, kama polistairini) hutaja R, wachora ramani hutaja U. Ukigawa 1 kwa R ya tabaka zote pamoja unapata U. R yenyewe hutokana na unene, kwa mita, ukigawanywa kwa uwezo wa kitu hicho kupitisha joto. Polistairini nyeupe, ile nyepesi inayofungiwa televisheni kwenye boksi, ina uwezo wa kupitisha wa 0.038 hivi. Unene wa sentimita 5 unakupa 0.05 kwa 0.038, yaani R ya 1.3.

Bati lenyewe lina R ya karibu sifuri. Ni chuma, na halifiki hata nusu milimita. Kwa hiyo geji 28 au geji 30 haileti tofauti yoyote ya joto. Geji kubwa kwa namba ni bati jembamba zaidi, na tofauti yake ni uimara na kutu.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, eneo la mita za mraba 20. Bati lina nyuzi 60, chumba nyuzi 30. Bila dari, kinachozuia ni ile hewa nyembamba iliyoganda chini ya bati, yenye R ya takriban 0.17. Tofauti ya nyuzi 30 ukiigawa kwa 0.17 ni wati 176 kwa kila mita ya mraba, na kwa sebule nzima ni kama wati 3,500 za joto. AC ya BTU 12,000 ina uwezo wa kuondoa wati 3,500 za joto. Maana yake ungehitaji AC nzima kupambana na bati peke yake, kabla ya kuhesabu watu, ukuta na jiko.

Weka polistairini ya sentimita 5 chini ya bati hilohilo. R inakuwa 1.47, joto linashuka hadi wati 20 kwa mita ya mraba, na sebule nzima inapokea kama wati 410. Hakuna paneli itakayokufanyia kazi kubwa kiasi hicho kwa kununuliwa mara moja.

Dari ya jipsamu pekee haitoshi, kwani ubao wa milimita 9 au 12 una R chini ya 0.1. Kinachosaidia ni ile nafasi kati ya dari na bati, ikiwa tu ina matundu ya hewa kwenye pembe tatu za kuta za mwisho au chini ya ukingo wa paa. Yazibe kwa wavu mgumu, la sivyo popo watahamia. Dari isiyo na matundu huhifadhi joto la mchana na kulimwaga chumbani jioni.

Karatasi ya alumini inayong'aa inauzwa kwa sifa nyingi, na sifa zake ni za kweli kwa sharti moja: iwe na nafasi ya hewa isiyopungua sentimita 2.5 upande unaong'aa. Kazi yake ni kugoma kurusha joto la mnururisho. Ikibanwa ikagusana na bati, joto linapita kwa kugusana na karatasi inakuwa chuma kama chuma kingine. Upande wa kung'aa utazame chini, kuelekea dari, kwa sababu ukitazama juu vumbi litaufunika na ufanisi unaisha.

Rangi ndiyo akiba ya bei rahisi kuliko zote. Bati jeupe au la krimu likiwa jipya huakisi takriban asilimia 70 ya mwanga wa jua. Bati la maruni, kijani kibichi au lililoshika kutu hunyonya zaidi ya asilimia 70. Mafundi wa kupaua wanajua kwamba watu wanapenda msauzi wa rangi nzito kwa sababu hauonyeshi uchafu. Unalipia hilo kwa joto, kila mchana, kwa miaka 20. Kama hujapaua, chagua nyeupe na uhami mle mle kwenye mpau kabla bati halijapigwa msumari. Kama umeshapaua, paka rangi nyeupe ya bati, kisha tandaza kihami juu ya dari.

Makuti yana sifa zake. Paa nene la makuti lina hewa nyingi katikati, na mahoteli ya Bagamoyo na Pangani yamelitumia vizuri. Lakini hubadilishwa kila baada ya miaka michache, linashika moto upesi, na paneli haziwekwi juu yake. Mwenye makuti asimamishe fremu ya paneli pembeni, ardhini au juu ya tangi.

Luva au alumini ya kusukuma

Dirisha la alumini la kusukuma linapendeza, lakini vioo vyake viwili hupishana, hivyo hata ukilifungua lote unapata nusu ya uwazi uliolipia. Luva hufunguka karibu yote. Wavu wa mbu hupunguza upepo tena, na si kitu cha kuacha Tanga, kwa hiyo ongeza ukubwa wa dirisha badala ya kuondoa wavu. Miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, upepo ni kaskazi na hutoka kaskazini-mashariki. Katikati ya mwaka kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Chumba chenye uwazi pande mbili zinazopishana na pepo hizo hakihitaji feni kwa saa nyingi za siku.

Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la saa sita mchana liko kaskazini, miezi mingine liko kusini, na kote linakuwa juu sana. Ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 unatia kivuli mita 1.1 ya dirisha la kaskazini saa sita mchana mwezi Juni, na mita 1.8 ya dirisha la kusini mwezi Desemba. Inatosha. Dirisha la magharibi haliokolewi na ukingo wowote, kwa sababu jua la saa kumi jioni huja likiwa limeinama. Huko weka baraza, mti au ukuta mtupu, na chumba cha kulala kisikae upande huo: bloku hulinyonya joto la jioni na kulitoa saa nne usiku, wakati unatafuta usingizi.

Feni au AC

BTU zinazoandikwa kwenye AC ni joto linalohamishwa kwa saa, si umeme unaoliwa. Umeme unajulikana kwa EER, yaani BTU ngapi zinahamishwa kwa kila wati moja. AC ya BTU 9,000 yenye EER 10 hula wati 900. Yenye EER 12 hula wati 750. AC ya inverta haina uhusiano na inverta ya sola. Ni AC ambayo kompresa yake hupunguza na kuongeza mwendo badala ya kuwaka na kuzima, na faida yake kubwa kwa mfumo wa sola ni kwamba haina mshtuko mkubwa wa kuwaka. AC ya kawaida inapoanza hudai umeme mara kadhaa ya matumizi yake, na inverta ndogo inazimika hapohapo.

Usinunue AC kubwa kuliko chumba. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na AC inaukausha inapokuwa inafanya kazi mfululizo. AC ya BTU 18,000 kwenye chumba cha mita za mraba 12 itapoza haraka, itasimama, na kukuachia ubaridi wenye unyevu.

Feni haipozi hewa. Inapoza ngozi, kwa hiyo chumba kikiwa kitupu izime. Uchaguzi uliopo ni kati ya feni ya kawaida ya dari, wati 60 hadi 75, na ile ya mota isiyo na brashi, inayokuja na rimoti, wati 30 hivi kwa upepo uleule. Feni mbili za kawaida kwa saa 9 ni wati-saa 1,260. Mbili za mota isiyo na brashi ni 540. Ile 720 uliyookoa ni sawa na paneli ya wati 257 na akiba ya betri ya wati-saa 900. Linganisha bei ya feni na bei ya vitu hivyo viwili, jibu liko wazi.

Hesabu ya nyumba moja

Taa 6 za LED za wati 9 kwa saa 5: wati-saa 270. Televisheni ya wati 60 kwa saa 5: 300. Feni mbili za mota isiyo na brashi: 540. Friji dogo: kama 900 kwa siku. Simu: 60. Jumla ni 2,070. Ongeza inverta yenyewe, ambayo hula umeme hata ikiwa haina kazi: ndogo nzuri hula wati 15, sawa na 360 kwa siku. Unafika 2,430. Gawanya kwa saa 4 mara 0.7, unapata wati 868. Paneli mbili za wati 450 zinatosha.

Ongeza AC ya inverta ya BTU 9,000 kwa usiku mmoja, wastani wa wati 550 kwa saa 8, na umeongeza wati-saa 4,400. Kifaa kimoja kimezidi nyumba nzima karibu mara mbili. Kitadai paneli za wati 1,570 zaidi na betri ya uniti 6 zaidi. Ndiyo maana AC ya usiku ibaki luku, na sola ibebe vilivyobaki.

Mwenye luku aangalie na hili. Wati-saa 2,070 kwa siku ni uniti 62 kwa mwezi, chini ya uniti 75 ambazo ni mpaka wa kundi la D1 la TANESCO, lenye bei nafuu. Aliye D1 asinunue sola kwa kutegemea kuokoa fedha. Umeme wake tayari ni rahisi. Anunue kwa ajili ya umeme kukatika: betri ndogo, inverta, paneli moja. Aliye juu ya mpaka huo kwa uniti chache, feni mpya na bati jeupe vinaweza kumrudisha chini bila paneli hata moja. Anayetumia uniti 200 na zaidi, paneli za mchana zina faida ya wazi kwake.

Betri: jeli au lithiamu

Kwa nyumba ile ya mfano, mahitaji ya usiku (feni, taa, televisheni, nusu ya friji na nusu ya inverta) ni kama wati-saa 1,740. Inverta inapoteza asilimia 10, kwa hiyo betri itoe kama 1,930.

| | Jeli | Lithiamu (fosfeti ya chuma) |
|---|---|---|
| Kiasi cha kuchota salama | nusu | asilimia 80 |
| Unachohitaji | 2 za volti 12, Ah 200 | 1 ya volti 24, Ah 100 |
| Mizunguko ya kawaida (kuchaji na kutumia) | 800 hivi | 3,000 na zaidi |
| Unachorudishiwa ukichaji | asilimia 80–85 | asilimia 95 hivi |
| Ikikaa wiki kadhaa bila kujaa | inaharibika | haidhuriki |

Mstari wa mwisho ndio wenye uzito kuliko yote kwa Tanga. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, humalizia kuchaji polepole. Asilimia 20 za mwisho huhitaji saa nyingi. Masika, jua linakatika saa nane mchana na betri haijajaa. Wiki kadhaa za namna hiyo zinatosha kugandisha salfeti kwenye sahani zake, na uwezo haurudi. Joto nalo linakula: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri ya risasi hupungua kama nusu. Betri iliyowekwa chini ya ngazi kwenye kona isiyo na hewa, nyuzi 35, itaishi nusu ya ilivyoandikwa. Lithiamu pia haipendi joto, lakini huvumilia zaidi.

Kulinganisha bei, usitazame bei ya betri. Gawanya bei kwa uniti zote itakazotoa maishani. Jeli ya Ah 200: uniti 1.2 mara mizunguko 800 ni uniti 960. Lithiamu ya volti 12, Ah 100: uniti 1.0 mara 3,000 ni uniti 3,000. Kwa hiyo lithiamu ya Ah 100 ikiwa na bei isiyofika mara tatu ya jeli ya Ah 200, lithiamu ndiyo rahisi. Jeli inabaki na maana pale betri inapokaa imejaa muda mwingi, kama akiba ya umeme kukatika mara chache kwa mwezi.

Ukibadilisha jeli kwa lithiamu, badilisha na mipangilio ya kontrola, yaani kifaa kinachoongoza chaji kutoka paneli kwenda betri. Lithiamu ya volti 12 ichajiwe hadi volti 14.2–14.4, na chaji ya kusawazisha izimwe kabisa. Usiunganishe sambamba betri ya zamani na mpya, wala jeli na lithiamu. Ile dhaifu huivuta yenye nguvu.

Kontrola: PWM au MPPT

PWM huunganisha paneli moja kwa moja na betri, na kuilazimisha paneli ifanye kazi kwenye volti za betri. Paneli ya wati 330 yenye volti 37 na ampia 8.9, ikiwa kwenye betri ya volti 13, inatoa 8.9 mara 13: wati 116. Theluthi mbili zimepotea bila kifaa chochote kuwaka taa nyekundu. MPPT hugeuza zile volti za ziada kuwa ampia na kukupa zaidi ya wati 300 kwa mwanga uleule. PWM inafaa kwa paneli ndogo za seli 36, zenye volti 18 hivi, kwenye betri ya volti 12: taa na simu tu. Kama paneli ni kubwa, za kawaida za siku hizi, nunua MPPT. Angalia volti za juu kabisa inazopokea: zijumlishe volti za paneli zikiwa hazina mzigo, zilizofungwa mfululizo, na ziwe chini ya kikomo cha kontrola. Zikizidi, inaungua siku hiyohiyo.

Kuhusu volti za mfumo: wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ni ampia 83, kwenye 24 ni ampia 42, kwenye 48 ni 21. Ampia ndizo zinazodai waya mnene. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukibeba ampia 20 unapoteza volti 1.2, yaani asilimia 10 ya volti 12. Nguvu ileile kwa volti 48 inapoteza chini ya asilimia 1. Kwa nyumba yenye friji anza na volti 24. Ukifika kilowati 3, nenda 48.

Inverta: ya kujitegemea, ya gridi, au haibridi

Inverta ya gridi haina betri na ni rahisi kuliko zote, lakini umeme wa TANESCO ukikatika nayo hujizima, kwa makusudi, ili isirudishe umeme kwenye waya ambao fundi ameushika. Mitambo ya maji ya Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68, iko mkoani humu, lakini inalisha gridi ya Taifa. Gridi ikianguka, nasi gizani. Anayenunua sola kwa sababu ya giza asinunue inverta ya gridi. Haibridi hubeba betri, paneli na luku pamoja, na ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye luku. Ya kujitegemea, inayotumia betri na paneli tu, ni ya asiye na luku. Mwambie fundi azime uwezo wake wa kusukuma umeme nje: baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kama matumizi, na uniti zako zinaisha wakati jua linawaka. Fundi wa kuiunganisha na luku awe na leseni ya EWURA.

Usinunue kubwa kwa kujihami. Haibridi ya kilowati 5 inaweza kula wati 50 ikiwa haina kazi, uniti 1.2 kwa siku, nusu ya mahitaji ya ile nyumba yetu. Kilowati 1.5 yenye uwezo wa kuhimili mara mbili kwa sekunde chache inawasha friji dogo. Na iwe ya wimbi safi. Inverta ya wimbi la ngazi hupasha moto mota ya friji na ya feni, hulia, na kuzifupishia maisha.

Paneli na chumvi

Mono au poli, aina mbili za seli za paneli, si swali kubwa tena. Mono ina ufanisi wa asilimia 19 hadi 22, poli 15 hadi 17, na viwanda vingi vimeiacha poli. Tofauti ni eneo la paa tu. Kilicho muhimu pwani ni alama ya kipimo cha ukungu wa chumvi, IEC 61701, pamoja na IEC 61215 na IEC 61730. Raskazone au Sahare, karibu na bahari, tumia reli za alumini na bolti zisizoshika kutu za daraja la 316. Pembe ya chuma iliyopakwa rangi italiwa na kutu, nayo itakula fremu.

Zielekeze kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Kwa latitudo yetu nyuzi 5 zingetosha kwa jua, lakini paneli iliyolala haijisafishi kwa mvua, na uchafu hujikusanya ukingo wa chini. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati ili upepo upite. Fundi afunge kwenye mbao za mpau, si kwenye bati pekee. Kivuli cha mnazi mmoja kwenye paneli moja hupunguza safu nzima iliyofungwa mfululizo, kwa hiyo kata kuti au hamisha paneli.

Viunganishi vya MC4 (plagi za nyaya za paneli) vya watengenezaji wawili tofauti huingiana lakini havigusani sawasawa. Vinapata joto na kuyeyuka, na wengi husingizia paneli. Sakiti breka ya upande wa paneli iwe ya umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja, kama wa paneli na betri. Breka ya kawaida ya nyumba haiwezi kuzima cheche ya DC, inaendelea kuwaka ndani ya boksi mpaka plastiki ishike moto. Isome kabla fundi hajafunga boksi: iandikwe DC, na volti zake zizidi zile za safu ya paneli.